Kwa nini kompyuta ndogo "hukataa" hadi diski

Malalamiko ni yale yale, awe anayelalamika ni mwanafunzi wa Tudor au mpiga video za harusi wa Majengo hapa Mombasa. Amenunua kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, akachomeka hadi diski ya nje ambayo jana ilikuwa ikifanya kazi vizuri kwenye laptopu, na sasa diski inalia tik-tik, au haionekani kabisa, au inaonekana lakini haikubali kuandikwa kitu. Jamaa wa kwanza kuulizwa humwambia diski imekufa. Wa pili humwambia hizi kompyuta ndogo haziwezi diski kubwa. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye fundi, humwambia anunue nyingine, na kwa bahati nzuri anayo dukani.

Mara nyingi wote watatu wamekosea. Yako mambo matatu tofauti ambayo watu huyafanya moja: umeme wa kuizungusha diski, namna faili zilivyopangwa ndani yake, na hatua ya kuipachika kwenye mfumo ili itumike. Kila moja lina dalili zake na dawa yake, na anayetibu lisilougua hupoteza pesa.

Kwanza tuelewane majina. Kompyuta ninayoizungumzia ni ile ambayo prosesa, RAM (memori ya kufanyia kazi), matundu ya USB na tundu la waya wa mtandao vyote vimekaa juu ya bodi moja. Iliyo maarufu zaidi ni Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa Februari 2012. Ziko na nyingine kama Orange Pi na Banana Pi, na mengi ya makala haya yanazihusu nazo pia. Kompyuta ya namna hii haiji na diski yake. Mfumo wake, ambao kwa kawaida ni Linux, hukaa kwenye memori kadi kama ile ya simu. Hadi diski ya nje ni kisanduku chenye sahani zinazozunguka na mkono unaozisoma. SSD hufanya kazi ile ile bila kitu chochote kuzunguka, data yote iko kwenye chipu. Na kuongeza diski hakuongezi RAM. Kompyuta iliyokuwa ikikwama ukifungua kurasa kumi za intaneti itaendelea kukwama vile vile hata ukiibandika terabaiti nne.

Basi kwa nini watu wanahangaika kuiongezea diski? Sababu moja ni kwamba memori kadi haikuundwa kuandikwa mchana na usiku. Chembe zake huchakaa, na siku ikifa huwa haikuagi. Sababu nyingine imejitokeza zaidi miaka hii ya karibuni. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Nyaya zote mbili zinatua Mombasa, na bado kuwa karibu nazo hakukutusaidia kitu. Tangu hapo nimewasikia watu wengi zaidi wakitaka vitu vyao wawe navyo nyumbani: darsa za madrasa zilizorekodiwa, masomo ya watoto, Wikipedia nzima ya Kiingereza, ambayo pamoja na picha ni gigabaiti 100 na ushei, kupitia Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti. Kompyuta ndogo yenye diski, iliyounganishwa na ruta, inamgawia kila mtu nyumbani bila kugusa bando la mtu.

Umeme, na hapa ndipo penye kazi

Tundu la USB hutoa umeme wa volti 5. Linaloleta ugomvi ni ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Kanuni za USB zinampa mtumiaji ampea 0.5 kwenye tundu la USB 2.0 na 0.9 kwenye la USB 3.0. Diski ya inchi 2.5, ile ya kubebwa mfukoni, ikishazunguka huridhika na kiasi kama hicho. Taabu iko kwenye sekunde za mwanzo. Kuzitoa sahani zikiwa zimesimama hadi zifike mizunguko 5,400 kwa dakika, mota inaweza kudai ampea 1 na zaidi. Laptopu nyingi huvumilia. Kompyuta ndogo haina ukarimu huo: Raspberry Pi 4 hutoa jumla ya ampea 1.2 kwa matundu yake yote manne yakiwa pamoja. Toa kibodi, toa mausi, kisha hesabu kilichobaki kwa diski. Ukichomeka diski mbili za kuzunguka, hesabu imeshakataa kabla hujawasha.

Ule mlio wa tik-tik mara nyingi ndiyo hesabu yenyewe ikikataa. Sahani zinaanza kuzunguka, umeme unashuka, mkono wa kusomea unarudi mahali pake, kisha yote yanaanza upya. Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakigharimu kitu: irudishe diski kwenye laptopu. Ikitulia na kusomeka, diski ni nzima na tatizo ni umeme. Ikiendelea kulia hata kule, hapo kweli inakufa. Nakili unachokihitaji saa hiyo hiyo na usiwape wengine nafasi ya kuijaribu jaribu.

Sasa tuje kwenye chaja, ambako dhana potofu ni nyingi kuliko mahali pengine popote. Ya kwanza ni kwamba chaja yoyote ya simu inatosha. Ya simu hutosha kwa simu kwa sababu simu ina betri ya kusawazisha mambo. Kompyuta ndogo haina. Umeme ukishuka chini ya volti 4.63, Raspberry Pi huonyesha alama ya radi pembeni mwa skrini, na wengi huiona wakadhani ni alama ya kuchaji. Kama huna skrini, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu la `0x0` ni salama. Ukipata `0x50000`, umeme ulishawahi kushuka tangu ulipoiwasha, na mfumo ukapunguza kasi kwa ajili hiyo. Na usiulaumu umeme wa ukutani mbio: mara nyingi mkosaji ni waya mwembamba wa chaja ulionunuliwa barabarani, ambao unapoteza volti njiani kabla hazijafika.

Ya pili ni kinyume chake: kwamba chaja ya laptopu ya wati 65 ndiyo kiboko. Wati 65 hizo kwa kawaida hupatikana kwenye volti 20. Raspberry Pi 5 haitaki volti 20, inataka volti 5 tu, na kwenye volti 5 chaja hiyo kubwa huwa na ampea 3, sawa na chaja ndogo. Raspberry Pi 5 ilitoka 2023 ikiwa na chaja yake maalumu ya volti 5 na ampea 5, jambo lisilo la kawaida kwenye chaja za USB. Isipoiona chaja ya namna hiyo, inabana matundu yote ya USB kwa pamoja hadi ampea 0.6. Ikiiona, inayaachia hadi 1.6. Kwa hivyo mtu anaweza kununua toleo jipya zaidi, akaliwasha kwa chaja ghali ya laptopu, akaishia na umeme wa USB mdogo kuliko aliokuwa nao kwenye toleo la zamani. Kuna mstari wa kulazimisha, `usb_max_current_enable=1`, unaoandikwa kwenye faili ya `config.txt`, lakini huo hauzai umeme. Unaiambia tu kompyuta iamini kwamba umeme upo. Utumie kama una hakika chaja yako inatoa ampea 5 kweli.

Ya tatu ni ile kebo yenye vichwa viwili, inayouzwa kwa maelezo kwamba inachota umeme matundu mawili. Ukivichomeka vyote viwili kwenye kompyuta ile ile hujaongeza kitu, maana kikomo ni cha matundu yote kwa jumla. Kichwa kimoja kikienda kwenye chaja nyingine, hapo inasaidia.

Tiba ya uhakika zaidi ni habu ya USB, kile kisanduku cha kuongeza matundu, yenye adapta yake ya ukutani. Diski inakula kwenye habu, kompyuta inabaki na kazi ya kupitisha data tu. Angalia usiuziwe ile inayorudisha umeme nyuma kwenye kompyuta. Utaijua kwa sababu ukichomoa chaja ya kompyuta, taa yake haizimi. Njia nyingine ni kuchukua SSD, ambayo haina mota ya kuamsha, japo bei yake kwa kila terabaiti ni kubwa zaidi. Na njia ya tatu huwashangaza watu: diski kubwa nzito ya inchi 3.5, ile ya mezani, ni rahisi zaidi kuliko ndogo. Hiyo hutaka volti 12, ambazo USB ya kawaida haitoi, kwa hivyo lazima ije na adapta yake, na hivyo haiombi kompyuta chochote. Ile kauli kwamba kompyuta ndogo haiwezi diski kubwa imegeuka juu chini.

Mpangilio wa faili

Diski ikishazunguka na kutulia, swali la pili ni jinsi faili zilivyopangwa ndani yake. Hapa yako majina manne utakayokutana nayo. FAT32 ni wa kale, unasomeka kila mahali, lakini haukubali faili moja inayozidi gigabaiti 4; wapiga video wanaujua kwa shari yake, kamera huikata harusi vipande vipande. exFAT umeondoa kikomo hicho na unasomeka Windows, Mac na Linux. NTFS ni wa Windows. ext4 ni wa Linux wenyewe.

Utasikia kwamba Linux haisomi NTFS. Hiyo ni habari ya zamani. Inasoma na kuandika, na tangu toleo la 5.15 la kiini chake, mwaka 2021, uwezo huo umo ndani yake moja kwa moja. Kinachowachanganya watu ni jambo jingine. Windows ya siku hizi ikizimwa huwa haizimiki kabisa. Hujilaza nusu ili iamke haraka, na inaweza kuiacha diski ya NTFS ikiwa na alama kwamba kazi haijaisha. Linux ikiiona alama hiyo hujizuia: inaweza kukuruhusu kusoma bila kuandika, au kuikataa kabisa. Mtu akiona hivyo husema diski imefungwa au ina virusi. Irudishe kwenye Windows, chagua kuwasha upya badala ya kuzima, kisha itoe kwa njia ya usalama. Mara nyingi hilo linatosha.

Kama diski itakaa na kompyuta ndogo daima, ushauri wangu ni ext4, na sababu yangu ni stima. ext4 huandika kwenye daftari mabadiliko ya mpangilio wake kabla ya kuyafanya, kwa hivyo stima ikipotea katikati ya kazi mfumo hulirudia daftari na kujirekebisha. exFAT haina daftari hilo. Kwa mji ambao taa hupepesa mara tatu kabla ya kutulia, hiyo si tofauti ndogo.

Pingamizi huja hapo hapo: "Lakini laptopu yangu ya Windows haitaisoma ext4." Ukiichomoa na kuichomeka kwenye laptopu, kweli haitaisoma bila programu ya ziada. Lakini huichomoi. Laptopu na simu zitafika kwenye faili kupitia mtandao wa nyumbani, kwa programu ya Samba, na kwa njia hiyo laptopu haijui wala haijali diski imepangwaje. Inaona folda tu.

Kufomati kunafuta kila kitu. Nalisema hili kwa sababu amri ya `mkfs.ext4` haiulizi maswali mengi, na ukikosea herufi moja ya jina la diski utafomati isiyokusudiwa.

Kuonekana si kupachikwa

Wenye kutoka Windows wamezoea kwamba diski ikichomekwa inafunguka yenyewe. Kwenye kompyuta ndogo isiyo na skrini haiwi hivyo, na mfano wake sisi tunao hapa Kilindini. Meli ikionekana kutoka Likoni haimaanishi mzigo umefika. Mpaka ipewe gati, hakuna kontena litakaloshuka. Amri ya `lsblk` inakuonyesha meli zilizoingia, ikiwemo diski yako, pengine kwa jina la `sda1`. Kuipachika ndiko kuipa gati: unachagua folda tupu, tuseme `/mnt/diski`, na kuanzia hapo kila kinachoingia folda hiyo kinaenda kwenye diski.

Jina `sda` hutolewa kwa zamu ya kufika. Diski zikiwa mbili, leo hii ni `sda`, kesho baada ya stima kurudi ni `sdb`. Ukiandika jina la zamu kwenye mipangilio, siku moja video za harusi zitaelekezwa kwenye diski ya masomo ya watoto. Kila mpangilio wa faili una namba yake ya usajili isiyobadilika hadi ufomatiwe tena, iitwayo UUID, na amri ya `blkid` itakuonyesha. Namba hiyo ndiyo ya kuandikwa kwenye faili ya `/etc/fstab`, ambayo mfumo huisoma kila unapoamka:

`UUID=namba-yako /mnt/diski ext4 defaults,nofail 0 2`

Neno `nofail` usiliache. Bila hilo, siku diski ikikosekana kompyuta husubiri, kisha hugoma kuamka kikamilifu, na kama haina skrini utadhani imeungua. Likiwepo, inaendelea bila diski. Ila hapo pana mtego ambao nimeona ukiwanasa hata mafundi: folda `/mnt/diski` bado ipo hata kama diski haijapachikwa, na programu zako zitaendelea kumwaga mzigo kwenye gati tupu, yaani kwenye memori kadi, hadi ijae. Memori kadi ikijaa ghafla bila sababu, angalia hapo kwanza.

Na kuchomoa bila kuiaga ni kuiachia meli ing'oe nanga kreni ikiwa bado imeshika kontena. Linux hushikilia data kwenye RAM kabla ya kuiandika, kwa hivyo skrini ikisema kunakili kumekwisha, huenda bado. Amri ya `umount /mnt/diski` hukamilisha yaliyobaki. Ikirudi kimya, chomoa.

Kasi

Hapa nitakuwa mfupi, maana watu hutumia pesa nyingi kwa faida ndogo. Tundu la USB 2.0, ambalo ndilo pekee kwenye Raspberry Pi 3 na za kabla yake, hupitisha megabaiti 30 hivi kwa sekunde kwa uhalisia. Yale ya buluu ya USB 3.0 kwenye Raspberry Pi 4 na 5 hayaibani hadi diski ya kuzunguka, ambayo yenyewe ina megabaiti 100 na kidogo. Lakini filamu ya kawaida ya ubora mzuri inahitaji megabiti chini ya 10 kwa sekunde, yaani hata megabaiti mbili hazifiki, na kinachoibana karibu kila mara ni Wi-Fi. Ukiweka SSD ili watoto watazame katuni kwa kasi zaidi, hawataona tofauti.

Tofauti wanayoweza kuiona ni mbaya: USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye eneo la gigahezi 2.4, ambalo ndilo Wi-Fi nyingi hutumia. Diski yenye kebo hafifu ikikaa ubavuni mwa kompyuta ndogo, Wi-Fi inaweza kudhoofika au kupotea kabisa. Sogeza diski mbali, tumia gigahezi 5, au bora zaidi vuta waya hadi kwenye ruta.

Likitokea lile la diski kukubali dakika kumi kisha ikapotea, na umeme umeshauhakikisha, mshuku ubao mdogo ulio ndani ya kisanduku cha diski. Baadhi ya chipu zake hazielewani vizuri na njia mpya ya mawasiliano ya USB iitwayo UAS. Amri ya `dmesg` itaonyesha diski ikianzishwa upya tena na tena. Linux inaweza kuamriwa itumie njia ya zamani kwa kisanduku hicho. Utapoteza kasi kidogo na kupata utulivu.

Diski moja si akiba

Dhana ya mwisho ndiyo ya hatari zaidi, na haina uhusiano na kompyuta ndogo. Mtu huhamisha picha zote kwenye diski ya nje, hufuta za kwenye simu, kisha husema ana akiba. Hana. Alikuwa na nakala moja kwenye simu, sasa ana nakala moja kwenye diski, na pwani diski ina maadui wake: hewa ya chumvi inayokula chuma cha vichomeo, joto la Februari na Machi, na stima inayorudi kwa kishindo. Usiiweke juu ya ruta. Weka kifaa cha kulinda, kama kile cha friji, kwenye soketi ya kompyuta, diski na ruta kwa pamoja. Pawabenki haifai kushika nafasi ya UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia umeme stima ikipotea, maana nyingi hukatiza umeme kidogo zinapobadilisha kati ya kuchajiwa na kutoa, na kukatiza huko kunatosha kuizima kompyuta.

Akiba ni diski ya pili, inayochomekwa kwa muda wa kunakili tu kisha kuchomolewa, na ikiwezekana kulazwa nyumba nyingine, kwa dada Kisauni au kwa mjomba Mtwapa. Amri ya `rsync -a` hunakili yaliyobadilika peke yake, kwa hivyo mara ya kwanza inaweza kula usiku mzima, na zinazofuata huwa fupi. Utakutana na mafunzo yanayoiongezea `--delete` ili diski mbili zilingane sawasawa. Usiikimbilie hiyo: ukifuta harusi ya mtu kwa bahati mbaya kwenye diski ya kwanza, usiku huo itafutwa na kwenye ya pili.